Jina Lililoandikwa Nyuma ya Picha

Ndugu wasomaji, juma lililopita tulizungumza juu ya kuyahifadhi maharage yasiharibiwe na wadudu. Leo naomba ruhusa yenu tuiache stoo, tuingie chumbani, tulivute lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Kila nyumba ya askari ninayoifahamu ina sanduku la namna hiyo. Ndani yake mna vyeti vya shule, hati ya ndoa, kadi za kliniki za watoto, barua za zamani zilizofungwa kwa uzi na, chini kabisa, picha. Nataka kusema nanyi juu ya picha moja tu, nayo ni ya kwetu, kwa maana imetufundisha jambo ambalo ningependa lisimpate mwingine.

Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja cha mkono, na weupe wake umegeuka rangi ya chai. Ndani yake amesimama mtu mmoja kando ya toroli la reli. Hana viatu. Amevaa kaptura ya kaki na shati lililotiwa kiraka begani, na begani hapo hapo amelaza nyundo yenye mpini mrefu. Hatabasamu, kwani watu wa zamani walisimama mbele ya kamera kama waliosimama mbele ya hakimu. Miguuni pake ameketi mbwa mwembamba wa rangi ya mchanga, sikio lake la kulia limepasuka. Mbwa haitazami kamera. Amemwinulia uso bwana wake.

Nyuma ya picha hiyo pameandikwa neno moja kwa kalamu ya risasi: Tayari.

Baba yetu alituambia kwamba huyo ndiye baba wa babu yetu, mfanyakazi wa reli. Zaidi ya hapo hakujua kitu, na si kosa lake. Babu alikuwa konstebo wa polisi. Alihamishwa kutoka Soroti hadi Gulu, na kutoka Gulu hadi Moroto, kama mnavyoyajua ninyi wenyewe maisha ya uhamisho. Alifariki mwaka 1967, wakati baba alipokuwa darasa la pili. Bibi, ambaye ni Mteso, aliwachukua watoto akarudi nao kwao. Hivyo baba akalelewa katika ardhi ya wajomba, akajua kwamba yeye ni Msoga, na kwamba palikuwa na mzee mmoja wa reli mwenye mbwa. Kijiji hakukijua. Ndugu hakuwajua. Jina la mzee, sisi sote tulidhani, lilikuwa ni hilo lililoandikwa nyuma.

Tulilipenda jina hilo. Kaka yangu, ambaye naye ni koplo wa polisi, alipopata mtoto wa kwanza wa kiume alisema ukoo wetu umekaa bila jina kwa muda mrefu mno. Akamwita mtoto Tayari. Palipikwa pilau, majirani wa kambini wakaja, na kaka akainyanyua picha ile mbele ya watu wote, akasema, "Huyu amerudi." Mimi shangazi wa mtoto nililia kwa furaha.

Kisha baba akastaafu. Mtu akistaafu hupata muda wa kufikiri mambo ambayo kazi ilikuwa imeyafunika. Jioni moja, tukiwa tumeketi barazani, alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Nikifa mtanizika wapi?" Wajomba walikuwa wamemtunza vizuri, wala hakuna aliyewahi kumwambia neno baya. Lakini yeye mwenyewe alijua kwamba pale alipojenga alikaribishwa tu. Ndugu wasomaji, swali hilo si dogo katika nchi yetu.

Tukaanza kutafuta. Tulikwenda Jinja mara mbili, kwa sababu tulisikia kwamba watu wa reli wa Busoga walikuwa huko. Tukawauliza wazee waliofanya kazi ya reli kama walipata kusikia habari za Mzee Tayari. Walifikiri, wakatikisa vichwa, wakatuonyesha njia ya kurudi. Mara ya pili baba alikaa kimya ndani ya basi tangu Jinja hadi tulipofika nyumbani.

Nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu, mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kutupa picha na kutuambia, "Msiniambie mnachofikiri. Niambieni mnachokiona." Siku moja, nikiwa ofisini wakati wa mapumziko ya mchana, niliikumbuka sauti yake. Nikaazima kioo cha kukuzia kwa mwenzangu anayeshughulika na ramani, nikaitoa picha mkobani, nikaanza kuiangalia kama mwanafunzi.

Kwanza niliona ubavuni mwa toroli herufi tatu zilizopakwa rangi: K.U.R. Hicho ni kifupisho cha jina la Kiingereza la Reli ya Kenya na Uganda. Reli yetu imebadilisha jina mara kadhaa. Ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na ilipofika Kisumu mwaka 1901, iliitwa Reli ya Uganda. Mwaka 1926 ikaitwa ya Kenya na Uganda, na mwaka 1948 ikaunganishwa na ile ya Tanganyika, ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Basi toroli lililopakwa herufi zile lilipakwa baada ya mwaka 1926, na kwa kadiri rangi ilivyokuwa mpya, picha haikupita sana mwaka 1948. Herufi tatu zilitupa kipindi cha mzee wetu, jambo ambalo hatukuwa nalo kabla.

Kisha niliona kitu cha pili. Nyuma ya mzee palikuwa na ubao wa kituo. Kichwa chake na mpini wa nyundo viliziba sehemu ya kwanza ya jina, lakini mwishoni zilibaki herufi sita: SAGALI. Nikasimama, kiti kikaanguka. Tulikuwa tumemtafuta mzee Jinja, naye miaka yote hiyo alikuwa amesimama mbele ya ubao wa Namasagali.

Wapo vijana watakaouliza, Namasagali ni wapi? Mwaka 1912 ilifunguliwa reli fupi kutoka Jinja hadi Namasagali, kwa sababu kaskazini ya Jinja Mto Nile una maporomoko na vyombo haviwezi kupita. Kutoka gati la Namasagali abiria na mizigo walipanda meli, wakavuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, na pamba ya nchi za kaskazini na mashariki ikaja kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1928 reli iliyotoka Kenya kwa njia ya Tororo iliungana na ile ya Busoga, na mwaka 1931 ikavuka Nile na kufika Kampala. Namasagali ikabaki pembeni, lakini ikaendelea kuwa bandari yenye karakana, nyumba za wafanyakazi na kelele za watu. Halafu, kuanzia mwaka 1961, ikanyesha mvua isiyokuwa na kifani. Maziwa yakajaa, Nile ikapanda, gati likafunikwa, bandari ikafungwa. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 majengo ya reli yakageuzwa shule. Ndiyo maana mtu anayemtafuta mfanyakazi wa reli hafikirii kwenda huko.

Tulikwenda watu wanne: baba, kaka, mimi, na mtoto Tayari mwenye umri wa miaka sita. Wifi yangu alibaki zamu, maana yeye ni muuguzi. Tuliwakuta wavuvi kando ya mto, tukawaonyesha picha. Mmoja wao, mtu mzima, hakumtambua mzee lakini alisema kwamba nyuma ya shule, mwendo wa nusu saa, yuko bibi mmoja aliyezaliwa katika nyumba za reli. Akatupeleka.

Bibi alikuwa ameketi mkekani akichambua njugu. Macho yake hayaoni vizuri, hivyo aliichukua picha akaisogeza karibu na uso, akaigeuza kuelekea jua. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akapiga kelele kama msichana: "Tayari!"

Baba akashika mkono wangu. Kaka akamsukuma mwanawe mbele, akasema kwa heshima, "Naam, Bibi. Na huyu hapa ndiye mwenye jina lake."

Bibi akamtazama mtoto, akaitazama picha, akamtazama kaka. "Mmempa mtoto jina la mbwa?" akauliza.

Wasomaji, sijui niwaeleze vipi kimya kilichofuata. Bibi aliweka kidole chake juu ya sikio lile lililopasuka. Alisema lilipasuliwa na nguruwe wa porini, naye alikuwa mtoto mdogo, aliiona damu. Mbwa ndiye aliyeitwa Tayari. Na yule mwenye nyundo, akasema, ni baba yangu. Hapo akataja jina la mzee, jina kamili, na jina la baba wa mzee, na la ukoo, bila kusita, kama mtu anayehesabu vidole vyake. Baba yetu, mtu wa miaka sitini na zaidi, alipiga magoti mkekani. Aliyekuwa mbele yake ni dada wa baba yake mzazi.

Alitusimulia hadi usiku. Mzee alikuwa mnyapara wa gengi la kutengeneza njia. Kila alfajiri alitembea juu ya mataruma akikagua sehemu yake ya reli, akigonga kabari zilizolegea, akitazama kama kokoto zimechukuliwa na mvua. Mbwa alitangulia. Nyasi zilikuwa ndefu na nyoka wengi, na masikio ya mbwa yalisikia gari moshi kabla ya masikio ya watu. Gengi lilikuwa na Wasoga, Wajaluo, Wateso na Waluhya, kwa hiyo kazi ilifanywa kwa Kiswahili. Reli moja huinuliwa na watu wengi kwa pamoja, na akichelewa mmoja, wengine huvunjika migongo. Basi mnyapara huita, "Tayari?" nao wote hujibu, "Tayari!" ndipo huinua. Mbwa yule alipokuwa mchanga alikuwa akibweka kila liliposemwa neno hilo, na hivyo akapata jina. Bibi alisema kwamba nyumbani walisema Kisoga, lakini mbwa hakukijua. Ukitaka aje, mwite kwa Kiswahili.

Na picha? Ilipigwa mwaka 1947, siku ambayo kaka yake, yaani babu yetu, alikuwa anaondoka kwenda kujiunga na polisi. Karani mmoja wa bandari alikuwa na kamera. Mzee alisimama na vifaa vyake vya kazi, kwa maana hizo ndizo nguo alizokuwa nazo. Picha ilipokuwa tayari, kijana alitumiwa huko chuoni. Zilikuja barua mbili kutoka kwake, ya tatu haikuja. Kisha yakaja mafuriko, watu wa gengi wakatawanywa, wengine wakapelekwa Tororo. Mzee alifariki mwaka 1963. Bibi alisema kwamba hadi mwisho alikuwa akiuliza kama posta imefika.

Nilimwuliza Bibi, "Kwa nini babu aliandika jina la mbwa, asiandike jina la baba yake?"

Alishangaa swali langu. "Mjukuu wangu," akasema, "nani asahauye jina la baba yake? Jina la mbwa ndilo aliloogopa litampotea."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Kijana wa miaka ishirini aliandika kile alichohofia kukisahau, akaacha kile ambacho kwake hakikuweza kusahaulika. Alikuwa na haki. Yeye hakulisahau jina la baba yake mpaka alipokufa. Bali picha haikuishia mkononi mwake. Ilipita kwa mjane asiyewahi kufika Busoga, kisha kwa mtoto wa darasa la pili, kisha kwetu sisi, nasi hatukurithi kumbukumbu yake, tulirithi karatasi tu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukoo ni mali.

Hata hivyo, tusimlaumu sana. Kama asingeandika hata neno hilo moja, na kama Tayari asingekuwa na sikio lile, huenda Bibi mwenye macho hafifu asingeitambua picha. Katika nyumba zetu nyingi mbwa hulala nje na hula makombo, na hakuna amhesabuye katika habari za ukoo. Lakini wale miongoni mwenu mnaofanya kazi na mbwa wa polisi hamtashangaa nikisema kwamba mbwa ndiye aliyetufikisha nyumbani.

Tuliporudi, wifi yangu alikasirika, tena kwa haki. Mama gani atafurahi kusikia kwamba mwanawe amepewa jina la mbwa katika sherehe iliyokuwa na pilau? Alitaka jina libadilishwe kesho yake. Bibi alipoletewa habari hiyo kwa simu alicheka, kisha akasema maneno ya busara. Mtoto apewe jina la mzee, maana ni haki yake na limekaa bila mtu muda mrefu. Lakini lile la kwanza asinyang'anywe, kwa sababu ni neno la kazi, na katika gengi lile hakuna aliyelisema kabla ya kushika mzigo wake. Hivyo mtoto sasa ana majina mawili, la shuleni na la nyumbani. Yeye mwenyewe hakuona tatizo lolote. Alichouliza ni kama anaweza kupewa mbwa.

Na baba anajua atakapozikwa. Ameonyeshwa mahali, karibu na kaburi la mzee, panaposikika sauti za watoto wa shule.

Sasa, mama na baba wa nyumba, tufanye nini na picha zetu? Yafaa tuanze leo, kabla ya uhamisho mwingine.

Kwanza, andikeni nyuma ya kila picha. Tumieni kalamu ya risasi iliyo laini, msikandamize, na ilazeni picha juu ya kitu kigumu na safi. Kalamu ya wino huacha alama upande wa pili, na wino wake huweza kupenya. Andikeni jina kamili la kila mtu kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na sababu ya kupigwa. Aidha, msiandike "Baba" au "Bibi" peke yake, kwa kuwa kila mtu ana baba na bibi. Andikeni kwanza lile jina mnaloona haliwezekani kusahaulika. Mbwa, ng'ombe au baiskeli viandikwe pia, lakini nyuma ya watu.

Pili, zitunzeni. Maadui wa picha ya karatasi ni unyevu, joto, jua na wadudu. Msiziweke sakafuni, wala kwenye ukuta unaopigwa na mvua, wala karibu na jiko. Zikae ndani ya bahasha safi za karatasi, kisha ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya matofali. Msizibandike kwa gundi wala kwa utepe wa kunata. Mzishike pembeni kwa mikono mikavu. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu isibanduliwe kwa nguvu. Ipigeni picha nyingine ikiwa hapo hapo nyuma ya kioo, muiache.

Tatu, toeni nakala. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera. Ipigeni picha ya zamani mbele na nyuma, kwenye mwanga wa kivuli, mkaitume kwa ndugu wawili au watatu wanaokaa mbali na ninyi. Nyumba ikiungua au lori la uhamisho likipinduka, nakala itabaki kwingine. Lakini msiitupe ile ya karatasi, kwani simu nazo huibwa na kuharibika.

Nne, na hili ndilo lisilongoja, wapelekeeni wazee picha hizo wakiwa hai. Msiwaulize tu, "Huyu ni nani?" Waulizeni amevaa nini, amesimama wapi, nani alikuwa nyuma ya kamera, nani hayupo pichani na kwa nini. Kisha nyamazeni, mwandike.

Neno la mwisho ni kwa askari mnaolisoma gazeti hili mkiwa mbali na nyumbani. Najua kwamba wengi wenu mna picha ndani ya pochi, ya mke, ya mtoto, au ya mzazi. Na najua kwamba nyumbani nako iko picha yenu ukutani, na mtoto anayeonyeshwa kila jioni na kuambiwa, "Baba ndiye huyu." Itoeni picha ile usiku wa leo, muigeuze. Ikiwa nyuma yake ni tupu, tafuteni kalamu.

Tukijaliwa, juma lijalo tutazungumza juu ya namna ya kushona upya kola ya shati la kazi. Hadi hapo, nawatakia amani nyumbani na kazini.